Kitabu cha takwimu cha bure kwa wanafunzi 140: uanzie wapi?

SWALI: Mimi ni mkufunzi katika chuo cha kati, Kanda ya Ziwa. Nafundisha takwimu za biashara ngazi ya stashahada, darasa la wanafunzi 140. Kitabu kilichopendekezwa kwenye mtaala maktaba yetu inazo nakala nne tu, na ukikiagiza nje bei yake mwanafunzi haiwezi. Wengine wanatoa kopi sura mbili tatu steshenari, wengine wanategemea PDF ambayo mwenzetu mmoja aliiweka kwenye kundi la WhatsApp. Nasikia kuna vitabu vya bure kabisa mtandaoni. Je, ni halali? Vina kiwango? Na nitawafikishiaje wakati wengi hawana bando la uhakika?

JIBU: Mwalimu, vipo, ni halali, na kwa somo la takwimu una nafuu kubwa kuliko wenzako wanaofundisha sheria au Kiswahili. Ila kukipata kitabu ni sehemu ndogo ya kazi. Wakufunzi ninaowaona wakikwama hawajakosa vitabu. Wamewapa wanafunzi viungo thelathini vya tovuti mbalimbali, kila kimoja kina mpangilio wake na alama zake za hesabu, na baada ya wiki tatu darasa zima limerudi kwenye vitini vya mwaka juzi. Kwa hiyo ushauri wangu wote ni huu: chagua kitabu kimoja chenye leseni huria, kikate kifuate mtaala wako, ubadilishe mifano, kisha ukigawe kwa njia ambayo mwanafunzi mwenye hela kidogo kuliko wote ataimudu.

Tuanze na uhalali, maana hapo watu huchanganya mambo. Kitu kusomeka bure hakumaanishi una ruhusa ya kukinakili, kukigawa na kukibadilisha. Profesa akiweka vitini vyake kwenye tovuti ya chuo chake bila kusema lolote, vitini vile vina hakimiliki kamili. Unaweza kuvisoma na unaweza kuwapa wanafunzi anwani ya tovuti, lakini kuvidurufu nakala 140 ni jambo jingine. Kwetu Tanzania msingi ni Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ile iliyoianzisha COSOTA, chombo cha kusimamia hakimiliki, na nafasi anayopata mwalimu ni ya vipande vya kufundishia, si ya kurudufu kitabu kizima.

Kinachobadilisha hali ni leseni. Shirika la Creative Commons liliundwa mwaka 2001 na Desemba 2002 likatoa leseni zake za kwanza. Kwa leseni hizo mwenye kazi anabaki na hakimiliki yake, ila anatangaza mapema anachokuruhusu, bila wewe kumwandikia barua wala kumlipa. Zinatambulika kwa herufi. BY inakutaka umtaje mwenye kazi, basi. SA inaongeza sharti kwamba ukiibadilisha kazi na kuigawa, toleo lako nalo litoke kwa leseni ileile. NC inakataza matumizi ya kibiashara. ND inakataza kugawa kazi iliyobadilishwa, na tafsiri nayo huhesabiwa kuwa mabadiliko. Kwa anayetaka kukata na kuingiza mifano yake, kazi yenye ND haimsaidii, ukiiona, pita.

Kuna jambo moja hapa ambalo walimu wengi hulijua wakiwa wameshachelewa. Kazi ya BY-SA na kazi ya BY-NC-SA huwezi kuziunganisha zikawa kazi moja, kwa sababu kila moja inadai leseni yake ndiyo itawale. Mtu anachukua sura ya uwezekano huku, sura ya regresheni kule, anashona kitini kizuri cha kurasa mia mbili, halafu anakuta hana haki ya kukigawa. Ndiyo maana, nikiwa na uchaguzi, nachukua kazi yenye BY tupu.

Utaniuliza kuhusu NC na steshenari, kwa sababu steshenari ni biashara na inatoza kila ukurasa. Swali hilo lilifika mahakamani Marekani. Shirika lililotoa mtaala wa hisabati kwa leseni ya BY-NC-SA liliishtaki FedEx Office, kampuni yenye maduka ya kudurufu, kwa kuwadurufia shule mtaala huo kwa malipo. Mwaka 2018 mahakama ya rufaa ilisema duka lilikuwa likitekeleza tu agizo la shule, na matumizi ya shule hayakuwa ya kibiashara, kwa hiyo leseni haikuvunjwa. Hukumu hiyo haiwafungi majaji wetu, ila inakuonyesha mstari ulipo. Mwanafunzi au chuo kupeleka faili na kulipia kazi ya kudurufu ni sawa. Mwenye steshenari akichapa rundo kwa hiari yake, akalipanga dirishani na kuliuza kama bidhaa yake, kwa kazi yenye NC amevuka. Kwa kazi yenye BY tupu wasiwasi huo haupo kabisa.

Mkuu wa idara akiona haya ni mambo ya watoto wa mitandao, mwambie yana historia. Chuo kikuu cha MIT, Marekani, kilitangaza mwaka 2001 kwamba kitaweka vifaa vya kozi zake wazi kwa dunia nzima. Mwaka 2002 kikao cha UNESCO mjini Paris kiliupa mwelekeo huo jina la nyenzo huria za elimu, na Novemba 2019 Mkutano Mkuu wa UNESCO ukapitisha pendekezo rasmi kwa nchi wanachama kuhusu nyenzo hizo. Ukiandika dokezo la kuomba idara ikubali kitabu huria kiwe kitabu cha kozi, taja pendekezo hilo la 2019. Kwenye vikao vya kitaaluma lina uzito.

Sasa kitabu chenyewe. Mradi wa OpenStax wa Chuo Kikuu cha Rice, Houston, ulianza kutoa vitabu vya kozi za mwanzo za chuo mwaka 2012. Kwa somo lako vipo viwili. Introductory Statistics, cha Barbara Illowsky na Susan Dean, kilitoka mwaka 2013. Waandishi hao walikuwa walimu wa De Anza College, California, chuo cha miaka miwili kinachopokea wanafunzi wa uwezo mbalimbali, kama chako. Introductory Business Statistics, cha Alexander Holmes pamoja na hao wawili, kilifuata mwaka 2017 na kinaelekea zaidi kwenye biashara na uchumi. Vyote viwili vina sura 13, zikianza na ukusanyaji wa data, na zikiwemo za regresheni na uwiano. Matoleo hayo ya kwanza yana leseni ya BY. Hata hivyo, kabla ya kuanza kazi fungua ukurasa wa leseni wa toleo ulilopakua wewe, kwa kuwa OpenStax ina vitabu vingine vyenye BY-NC-SA na matoleo mapya hutoka kila mara.

Mimi ningekifanya kitabu cha biashara kiwe uti wa mgongo, nikachota mazoezi kutoka kile kingine. Kwa kuwa vyote ni BY, kuvichanganya hakuna tatizo.

Kabla hujafurahi sana, chukua muhtasari wa moduli yako, ukae na kitabu kurasa kwa kurasa. Utaona mambo mawili haraka. La kwanza, namba za fahirisi hazimo, na uchambuzi wa data za mfululizo wa wakati haumo kwa kina tunachokitaka sisi. Mitaala yetu ya takwimu za biashara inazipenda mada hizo, na mitihani nayo inazirudia: fahirisi za Laspeyres na Paasche, mwelekeo wa muda mrefu, msimu. Wamarekani huzipeleka kwenye kozi nyingine. La pili, data zilizowekwa katika makundi kitabu kinazigusa juu juu, wakati mwanafunzi wako atatakiwa kutafuta mediani na modi kutoka kwenye jedwali la marudio yenye madaraja, na kuchora ogivu, yaani mchoro wa marudio limbikizi. Mapengo hayo utayajaza wewe. Ukimpa mwanafunzi kitabu kizima bila kuyajaza, atafeli maswali mawili ya pepa na lawama zitaangukia kitabu cha bure.

Pengo la fahirisi lina raha yake, kwa sababu hapo una data nzuri kuliko za kitabu chochote cha nje. Ofisi ya Taifa ya Takwimu hutoa kila mwezi taarifa ya fahirisi ya bei za mlaji, yenye makundi ya bidhaa na uzito wa kila kundi. Chapa jedwali la mwezi mmoja, litaje chanzo chake, halafu waulize wanafunzi kwa nini chakula kina uzito ule na kodi ya nyumba uzito ule. Mtu anayejua kwamba kilo ya dagaa imepanda kutoka shilingi 6,000 hadi 7,500, kwa hiyo fahirisi yake ni 125, hatasahau mwaka wa msingi ni kitu gani. Ukitaka kulinganisha nchi, data za Benki ya Dunia ziko wazi kwa leseni ya BY, pamoja na mfululizo wa miaka mingi wa Tanzania, Kenya, Uganda na jirani zetu wengine.

Baada ya kujaza, kata. Introductory Statistics kina zaidi ya kurasa 800. Kimejaa visanduku vya maelekezo ya kikokotoo cha Texas Instruments, TI-83 na TI-84, bonyeza hiki kisha kile. Vikokotoo hivyo wanafunzi wako hawana. Wengi wana Casio, hasa fx-991MS na ndugu zake. Ondoa visanduku vyote na uweke vyako, na hapo uwe makini. Tuseme umechukua sampuli ya wauzaji watano wa dagaa pale mwaloni Kirumba, na bei zao kwa kilo ni shilingi 7,000, 7,500, 8,000, 8,000 na 9,500. Wastani ni 8,000. Jumla ya miraba ya tofauti ni 3,500,000. Ukigawa kwa 4, yaani n toa 1, na kutafuta kipeo cha pili, mkengeuko sanifu ni takriban shilingi 935. Ukigawa kwa 5 unapata takriban 837. Kwenye fx-991MS, SHIFT na 2 inafungua orodha ambapo namba 2 ni mkengeuko wa kugawa kwa n na namba 3 ni ule wa kugawa kwa n toa 1. Nusu ya darasa itabonyeza 2 kwa sababu ndiyo inayotangulia, na wataandika 837 kwa ujasiri kamili. Sanduku la mistari minne linaloeleza hilo, likiwa na picha ya kioo cha kikokotoo wanachokishika, lina faida kuliko kurasa kumi za TI.

Mifano nayo ibadilishe, ila si yote. Kwenye kitabu utakutana na dola, michezo ya Marekani, wanafunzi wa De Anza, hata jedwali la muda wa mizunguko ya pikipiki za mashindano. Usianze kubadilisha kila neno. Utachoka ukiwa sura ya pili. Badilisha mfano unaobeba dhana mpya, ule ambao mwanafunzi lazima auelewe ndipo aendelee. Muda wa pikipiki za mashindano ukiwa muda wa kusubiri abiria kijiweni kwa bodaboda, dhana ya usambaaji inaingia bila maelezo ya ziada. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120, na jinsi ilivyoendeshwa ni mfano tosha wa tofauti kati ya kuhesabu wote na kuchukua sampuli. Lakini zoezi la kurusha sarafu liache kama lilivyo. Na ukiweza, ongeza aya ya Kiswahili pale ambapo darasa huwa linapotea, kwa mfano kwenye maana ya dhanio tupu (null hypothesis) na kosa la aina ya kwanza, yaani kulikataa dhanio hilo wakati ni la kweli. Leseni inakuruhusu.

Kazi ya mikono ina kero moja: ukinakili kutoka ukurasa wa tovuti kwenda Word, maandishi yanakuja vizuri ila fomula zinavurugika. Usizirekebishe vipande vipande. Zipige upya kwa kihariri cha milinganyo, na uzihakiki kwa kukokotoa mfano mmoja mmoja kwa mkono. Alama ya mzizi iliyopotea ndani ya kitini itazaa majibu 140 yenye kosa lilelile.

Ukurasa wa mbele weka taarifa ya kumtaja mwenye kazi. Iwe na jina la kazi, waandishi, ilikotoka, leseni, na ulichobadilisha. Kitu kama hiki: “Kitini hiki kimetoholewa kutoka Introductory Business Statistics cha Alexander Holmes, Barbara Illowsky na Susan Dean, OpenStax, Rice University, kwa leseni ya Creative Commons BY 4.0. Kitabu asilia kinapatikana bure openstax.org. Sura zimepunguzwa, na mifano na mazoezi kadhaa yamebadilishwa na Idara ya Biashara. Waandishi wa awali hawahusiki na mabadiliko hayo.” Mistari hiyo ndiyo malipo yote wanayokudai. Kuiacha ni kuvunja leseni, na ni kukosa adabu kwa watu waliotoa kazi yao.

Kuhusu kiwango, hofu yako naielewa, kwa kuwa sote tumezoea kwamba kitabu kizuri ni cha ghali. Ushahidi uliopo hauiungi mkono hofu hiyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulifuatilia zaidi ya wanafunzi 21,000 wa Chuo Kikuu cha Georgia, Marekani, katika kozi zilizoacha vitabu vya kununua zikahamia vya OpenStax. Alama zilipanda na waliofeli au kuacha kozi walipungua, na nafuu kubwa waliipata wanafunzi wa familia za kipato cha chini. Sababu inaeleweka: waliokuwa wakisubiri hadi katikati ya muhula ndipo wanunue kitabu, sasa walikuwa nacho siku ya kwanza. Kwako pengo ni kubwa zaidi, kwani kwa nakala nne wanafunzi 136 hawana kitabu kabisa. Hata hivyo usikiamini kitabu kwa sababu tu kina nembo ya chuo kikubwa. Soma sura mbili ngumu, ile ya nadharia ya kikomo cha kati na ile ya upimaji wa dhanio, ufanye mazoezi yake mwenyewe. Maelezo yakikukwaza wewe, mwanafunzi hatapona.

OpenStax ina pia slaidi na majibu ya mazoezi kwa walimu, ambayo hufunguliwa baada ya kuthibitisha kuwa wewe ni mwalimu kweli. Jisajili kwa barua pepe ya chuo mapema, kwa sababu uhakiki unaweza kuchukua muda. Lakini usitunge jaribio kutoka mazoezi ya kitabu. Majibu ya vitabu hivi yamezagaa mtandaoni na wanafunzi wanayajua kuliko sisi.

Twende kwenye kufikisha, ambako mipango mingi mizuri hufia. Usimtumie mwanafunzi kiungo cha PDF ya kitabu kizima. Ni faili zito, kurasa zake ni pana, na kwenye simu ndogo atakuwa akivuta herufi kushoto na kulia hadi akate tamaa. Andaa kila sura kama faili lake. Tengeneza ukurasa wa A5 wenye herufi kubwa kiasi, usomeke kwenye simu bila kukuza, na uzipunguze picha ukubwa hadi faili liwe MB moja au mbili. Faili la namna hiyo kiongozi wa darasa analipakua mara moja, kisha linasambaa kwa Xender au bluetooth bila mtu kugusa bando lake. Kwa kukata PDF kubwa vipande, PDFsam Basic ni ya bure na inafanya kazi kwenye kompyuta ya zamani.

Karatasi usiidharau. Kwa somo la hesabu mwanafunzi anahitaji kitu cha kuandika pembeni, na kitini kilichobaindiwa hakiishiwi chaji. Ukishakata vizuri, moduli yako haitazidi kurasa 180 au 200. Tuseme steshenari ya jirani inatoza shilingi 50 kwa ukurasa: kitini cha kurasa 180 ni shilingi 9,000, na ukienda na oda ya darasa zima, unaweza kuomba bei ishuke. Kabla hujatoa nakala kuu, chapa ukurasa wowote wenye grafu kwa nyeusi na nyeupe. Vitabu hivi vimechorwa kwa rangi, na mistari ya bluu na nyekundu ikidurufiwa inakuwa kijivu kimoja. Ichore upya, mmoja uwe mzima usiokatika na mwingine wa vidoti. Na wale ambao hata hiyo 9,000 ni mzigo, weka nakala kumi maktaba kwa utaratibu wa kuazima kwa saa. Tayari umeshaipita idadi ya kile kitabu cha zamani.

Kama chuo kina chumba cha kompyuta, zungumza na mkutubi pamoja na fundi wa TEHAMA kuhusu Kiwix. Ni programu ya bure inayowezesha kuhifadhi tovuti nzima, kama Wikipedia na vitabu vya LibreTexts, maktaba nyingine ya vitabu huria, na kuzifungua bila intaneti. Kompyuta moja na ruta moja isiyo na laini vinatosha: mwanafunzi anaunga simu yake kwa Wi-Fi ya pale chumbani na kusoma bila kulipa. Humo humo weka maigizo ya kompyuta (simulations) ya PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder. Mengi yanaweza kupakuliwa kama faili la HTML na kufunguka kwenye kivinjari cha simu bila mtandao, na kadhaa yametafsiriwa kwa Kiswahili. Kwako la lazima ni Plinko Probability. Mipira inadondoka kwenye vigingi, inakwenda kushoto au kulia kwa bahati, na chini polepole linajengeka umbo la kengele. Waache waone mipira kumi haionyeshi kitu, mia inaanza kuonyesha, elfu inakamilisha. Ukija kuandika fomula ubaoni, picha tayari wanayo kichwani.

Programu ya kuchambua data nayo ni sehemu ya gharama. Nakala za SPSS zilizovunjwa ziko kila kona, na nyingi zinaleta virusi. PSPP inafanana nayo kwa sura na ni ya bure. Jamovi ni nyepesi kujifunza. R ina nguvu kuliko zote ila inadai uvumilivu. Kwa stashahada ningechukua jamovi, au hata LibreOffice Calc, nikaishia hapo.

Wenzako wa masomo mengine watakuuliza, kwa hiyo niguse kidogo. Anatomia, baiolojia, kemia na uchumi vina vitabu vizuri vya OpenStax. Mwalimu wa uhasibu akitumia kile cha OpenStax awe macho: kimejengwa juu ya kanuni za Marekani, ambazo zinaruhusu kuthamini bidhaa ghalani kwa LIFO (iliyoingia mwisho huhesabiwa kutoka kwanza), wakati viwango vya kimataifa tunavyofuata sisi, IAS 2, vinaikataa. Sehemu ya mishahara nayo inazungumzia makato ya Kimarekani, siyo PAYE na NSSF. Hiyo ni ya kuandika upya kabisa. Mafunzo ya ualimu yana TESSA, mradi ulioratibiwa na Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kwa kushirikiana na vyuo vya Afrika, kikiwemo Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, na una toleo la Kiswahili. Wa sheria wana TanzLII, na Kenya wana Kenya Law, kwa hukumu na sheria zenyewe. Kwa makala za utafiti, Research4Life inawapa vyuo vya Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo majarida bila malipo, ila usajili ni wa taasisi. Nywila yake ombeni maktaba, na msiitundike kwenye makundi ya WhatsApp. Ikivuja, chuo kizima kinaweza kufungiwa.

Kuhusu ile PDF ya mwenzako: mwambie kwa upole, mkiwa wawili, aiondoe. Ni kitabu cha mtu, kimegawiwa bila ruhusa kwa jina la idara, na mkufunzi aliyefanya hivyo hana la kumwambia mwanafunzi anayenakili tasnifu ya mwingine. Mpe kazi badala ya karipio: achukue sura ya uwezekano, wewe uchukue za mwanzo. Wawili mkigawana, sura nne au tano za kwanza zinaweza kuwa tayari kabla ya muhula kufunguliwa, na nyingine mtazimaliza mkiwa mnatangulia darasa kwa wiki mbili.

Jambo la mwisho ni kuwahusisha wanafunzi wenyewe. Badala ya kazi ya nyumbani inayoishia kwenye ndoo ya taka, kila kundi likusanye data za kweli mahali linapoishi: bei za sato, nauli za daladala, muda wa foleni kwa wakala wa fedha za simu. Zilizo safi ziingie kwenye toleo la mwaka ujao. Lakini kumbuka kazi ya mwanafunzi ni hakimiliki ya mwanafunzi. Andaa fomu ya nusu ukurasa ambayo kila mmoja anajaza kama anaruhusu mfano wake utoke kwa leseni ya BY, na kama anataka jina lake litajwe au lisitajwe. Fomu ijazwe baada ya alama kutolewa, isije mtu akadhani maksi zake zinategemea kukubali.